Kabla ununue ploti kando ya ziwa, uliza mawe

Hebu funua birika lako la stima uangalie ndani. Kama unaishi Pwani na unatumia maji ya kisima, utaona ganda jeupe limeng'ang'ania pale chini. Nilipokuwa nimekodisha chumba Kisauni, nilikuwa nalikwaruza kwa kijiko kila Jumapili, na Jumapili iliyofuata nalikuta limerudi. Nilidhani ni uchafu. Kumbe ni jiwe linaundwa jikoni kwangu.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, kwa hivyo usitarajie nikufundishe kemia kama profesa. Lakini hii nimeielewa, na nawe unafaa kuielewa kabla mtu akuuzie kipande cha ardhi.

Iko hivi. Mvua ikiingia ardhini hubeba hewa ya kaboni iliyo kwenye udongo, ile ile inayotoa povu kwa soda. Maji yanakuwa makali kidogo tu, na yakipita kwenye mawe yenye chokaa, kama haya ya matumbawe ya Mombasa, yanayayeyusha polepole. Kwa macho huoni kitu. Yakitokea tena juu, pengine kwa chemchemi, hewa ile hutoroka kama soda iliyofunguliwa. Chokaa haiwezi tena kubaki ndani ya maji, inaganda. Birika hufanya kazi hiyo haraka kwa sababu moto unaifukuza hewa. Chemchemi huchukua miaka na miaka.

Jiwe linaloundwa na maji baridi huitwa tufa. La chemchemi za moto, kama zile za Ziwa Bogoria, huitwa travatini. Halafu kuna binamu yao, stromatoliti. Huyu huundwa kwenye maji yanayofikiwa na jua, kwa msaada wa mwani na bakteria. Viumbe hao hunyonya hewa ya kaboni na kunasa chembe za chokaa, safu juu ya safu, hadi jiwe linakuwa na mistari kama kitunguu kilichokatwa.

Sasa tega sikio. Mwani unataka mwanga, kwa hivyo mawe mengi ya aina hii huota karibu na ufuo, mahali maji si ya kina kirefu. Ukiyakuta juu kwenye mteremko mkavu, mbuzi wakipita, jua kwamba ufuo uliwahi kuwa hapo. Wanasayansi wanaweza hata kujua ni lini. Hupima kaboni iliyo ndani ya jiwe, au uraniamu inayogeuka kuwa thoriamu kwa mwendo unaojulikana. Aina za oksijeni zilizomo huwapa fununu kama enzi hiyo ilikuwa ya mvua au ya ukame.

Na si nchi za mbali hizo. Mawe haya yamechunguzwa Magadi, Bogoria na Koobi Fora kule Turkana. Ukienda Magadi leo utaona ziwa lililofunikwa na magadi meupe, maji haba. Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, ziwa hilo na Natron ya Tanzania lilikuwa ziwa moja, na maji yalisimama makumi ya mita juu ya yalipo leo.

Kwa nini nakuchosha na haya? Kwa sababu binamu yangu alinipigia simu kutoka Nakuru akiwa na furaha tele. Amepata ploti kando ya ziwa, bei nafuu, mandhari ya kupiga picha. Broka alikuwa amemwambia maji yalipanda mara moja tu, ajali, hayarudi tena.

Ajali gani? Kuanzia takriban 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda moja baada ya jingine. Mbuga ya Nakuru ililazimika kuhamisha lango lake kuu. Baringo, maji yalimeza nyumba, hoteli na shule. Bogoria, baadhi ya chemchemi za moto zilizama. Watu wakasema haijawahi kutokea. Kwa umri wetu na wa wazazi wetu, labda. Kwa umri wa mawe, imetokea tena na tena.

Najua utaniambia mambo ya miaka elfu kumi hayakuhusu, wewe unataka kujenga sasa. Ni kweli, enzi ile mvua ilikuwa nyingi kuliko leo, na sisemi ziwa litapanda makumi ya mita wiki ijayo. Ninachosema ni kwamba ziwa la Bonde la Ufa halina mpaka wa kudumu. Hupanda, hushuka, na hurudi likapanda. Anayekuuzia ardhi kana kwamba maji yamewekwa bikoni anakuuzia ndoto.

Maoni yangu ni haya. Kaunti zenye maziwa zichore ramani ya fuo za zamani, ziibandike wazi mahali ploti zinapouzwa. Na mawe hayo yasipondwe kuwa kokoto kabla hayajasomwa, maana likishapondwa limekwenda na kumbukumbu yake. Sisi vijana ndio tunaochukua mikopo kwa simu kununua ardhi hizi. Tukikaa kimya, maji yakija tutabaki na deni na picha tu.

Nilimwambia binamu yangu amuulize broka swali moja: ufuo wa zamani ulikuwa wapi? Broka alicheka, akasema hilo ni swali la watu wa vitabu. Binamu yangu hakulipa. Sasa anatafuta ploti upande wa juu, na kila akiona jiwe jeupe ananitumia picha.