Wino Ujifichao na Risiti Isahauyo

Wazee walisema, "Penye kuku wengi hapamwagwi mtama," yaani neno la siri halisemwi mbele ya watu. Lakini barua haina budi kupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia mwenyewe: karani wa posta, mchukuzi, na pengine jirani aliyetumwa kuichukua. Kwa sababu hiyo, tangu zamani watu wametafuta njia ya kuandika maneno yasiyoonekana ila na yule ajuaye namna ya kuyafichua. Elimu hii ilianza kwa wapenzi na wapelelezi. Siku hizi imo ndani ya risiti ya mkulima na kalamu ya karani, na asiyeifahamu aweza kupotewa na haki yake.

UTOMVU NA NDIMU

Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alieleza habari za utomvu mweupe wa mmea wa jamii ya mnyaa. Mtu akiandikwa mwilini kwa utomvu huo, maandishi yakikauka hayaonekani. Akinyunyiziwa majivu, majivu hushika palipopita utomvu, na herufi hujitokeza.

Maji ya ndimu hufanya kazi kwa njia nyingine. Ukali wake huidhoofisha karatasi pale kalamu ilipopita. Karatasi ikisogezwa karibu na moto, sehemu hiyo huungua mapema kuliko nyingine, na maneno husomeka kwa rangi ya hudhurungi. Ubaya wa hila hii ni kwamba kila mtu aijua. Mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, Carl Muller, mpelelezi wa Wajerumani, alikamatwa nchini Uingereza. Wakaguzi wa barua walikuta maneno ya siri katikati ya mistari ya barua zake, na miongoni mwa vitu vyake ilionekana ndimu yenye alama za kuchomwa kwa kalamu. Alipigwa risasi katika Tower of London tarehe 23 Juni 1915.

WINO WA MAJI MAWILI

Wenye akili zaidi walitumia wino wa maji mawili, moja la kuandikia na la pili la kufichulia. Mkulima wa miwati ajua kuwa maji ya magome yakigusa chuma hugeuka kuwa meusi. Mtu akiandika kwa maji hafifu ya namna hiyo, maneno hayaonekani. Akipaka juu yake maji yaliyoyeyushwa chumvi ya chuma, maneno hutoka meusi. Wino mweusi wa makarani wa kale ulitengenezwa kwa vitu vya jinsi hiyo hiyo, ila wao waliuchanganya kabla ya kuandika.

Katika vita vya Wamarekani vya kujitoa katika utawala wa Waingereza, George Washington alipewa na tabibu James Jay wino wa maji mawili. Mwaka 1779 aliwashauri wapelelezi wake waandike katika kurasa tupu za vijitabu vya kawaida. Alijua kwamba karatasi tupu isafiriyo peke yake humtia mtu shaka, lakini kijitabu hakimshitui mtu.

Mapema zaidi, mwaka 1737, Mfaransa Jean Hellot alieleza wino wa chumvi ya kobalti. Wino huu ukikauka katika hewa ya kawaida hauonekani. Ukipashwa moto, unyevu huondoka na maneno hutoka kwa rangi ya samawati au ya kijani. Karatasi ikipoa na kunywa tena unyevu wa hewa, maneno hutoweka. Huu ulikuwa werevu mkubwa, maana siri yaweza kusomwa kisha ikafichwa tena.

Hata hivyo kila kufuli hupata ufunguo wake. Katika vita kuu ya kwanza wataalamu walitambua kuwa kalamu iliyolowa huzivuruga nyuzi za karatasi, wino uwao wowote. Walipoitia karatasi katika mvuke wa ayodini, mvuke ulishika zaidi pale palipovurugika, na maandishi yakajulikana. Serikali ya Marekani iliona mambo haya kuwa mazito hata ikazificha hati za miaka ya 1917 na 1918 zilizohusu wino wa siri mpaka mwaka 2011.

RANGI ZILALAZO

Zipo rangi ambazo zikiwa peke yake hazionekani kabisa, lakini zikikutana na dawa yenye uchachu huamka na kuonekana. Mwaka 1954 kampuni ya NCR ya Marekani ilitoa karatasi iliyotumia jambo hili. Nyuma ya ukurasa wa juu hupakwa vifuko vidogo mno vyenye rangi iliyolala, na ukurasa wa chini hupakwa udongo maalumu. Kalamu ikikandamiza, vifuko hupasuka, rangi hukutana na udongo, na nakala hutokea bila karatasi ya kaboni. Mabenki yalipata faida nyingine humo. Bahasha iliyofungwa hupigwa na mashine isiyo na utepe wa wino. Nje hakuna kinachosomeka, lakini namba ya siri imekwisha kuandikwa ndani. Mtu wa njiani hawezi kuiona pasipo kuichana bahasha.

Risiti nyingi za dukani na za benki ni ndugu wa karatasi hiyo. Mashine yake haitii wino. Rangi iliyolala na dawa yake zimepakwa pamoja juu ya karatasi, na joto la mashine huziyeyusha zikutane. Ndiyo sababu risiti hiyo ikiachwa karibu na jiko huwa nyeusi yote, na ikikaa juani au ikiguswa na mafuta hufifia hata ikawa nyeupe.

Kalamu za FriXion za kampuni ya Pilot ya Japani, zilizoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2006, hufanya kinyume. Wino wake huonekana kwanza. Ukisuguliwa kwa mpira ulio mwishoni mwa kalamu, joto la msuguano hufika kiasi cha nyuzi 60 na rangi hulala. Karatasi ikitiwa katika baridi kali, yapata nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, maneno hurudi. Kwa hiyo karani aliyefuta neno la siri kwa kalamu hiyo asidhani amelimaliza, wala aliyeacha karatasi zake ndani ya gari lililoanikwa juani asishangae akizikuta tupu.

YAFAAYO KUSHIKWA

Tuseme mkulima amelipa deni la mbolea, akapewa risiti, akaikunja na kuiweka pamoja na hati zake katika mfuko wa plastiki. Baada ya mwaka adaiwa tena. Aifungua karatasi aliyoitunza kwa uaminifu, naye haoni hata tarakimu moja. Hakuibiwa na mtu. Karatasi imesahau, naye hana shahidi.

Kwa hiyo, apokeaye risiti ya namna hii na aitolee nakala siku ile ile, au aipige picha kwa simu, na aandike tarehe, kiasi na jina la aliyepokea fedha katika daftari lake kwa kalamu ya kawaida. Risiti yenyewe na iwekwe ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na jua, mafuta na plastiki. Naye atakayetia sahihi mkataba, hati ya shamba au hundi, asiazime kalamu asiyoijua. Wenye kutengeneza kalamu zifutikazo wenyewe huonya kwamba hazifai kwa hati za sheria.

Rangi hizi si adui. Katika hundi nyingine huwekwa alama ambayo ikisuguliwa kwa kidole hutoweka, kisha ikipoa hurudi. Mwigaji atumiaye mashine ya nakala hawezi kuifanya hivyo. Kitu kile kile kimlindacho mwenye benki chaweza kumwangamiza mkulima asiyekijua. Wazee walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenyewe halina budi kuandikwa kwa wino usiolala.