Kado ya Biro

NJIA PANDA
Na Mwadi Kalenga

Mtu akirudi safari hapa Lubumbashi, watu wa biro hawamwangalii uso. Wanamwangalia mikono. "Papa, kado yetu iko wapi?" Swali linaulizwa kwa kicheko, lakini muulizaji hachezi. Uwe umetoka Dubai kwa ndege, uwe umetoka Likasi ulikokwenda kumzika shangazi, swali ni lilelile. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Sawa, ila wahenga hawakuwa na wahasibu wanne, makatibu, dereva, planto, mama wa usafi na masantineli wa zamu mbili, wote wakisubiri begi moja lifunguliwe.

Wako wanaoilaani desturi hii. Wanasema ni ombaomba, na mshahara wenyewe umechelewa. Mimi siilaani. Misafara iliyotoka pwani karne ya 19 kuja Bunkeya kwa Mwami Msiri haikufika mikono mitupu. Ilibeba nguo na shanga, na msafiri asiye na kitu alijua njia itakuwa ngumu. Ninachokilaani ni namna tunavyochagua. Tunanunua kwa vyeo. Mkurugenzi anapata marashi, wakuu wa idara wanapata saa zinazokufa baada ya wiki, wengine wanagawiwa pete za funguo, na santineli anaambiwa, "We nitakuona." Halafu tunashangaa geti likichelewa kufunguliwa.

Kwangu mimi kado ya biro iwe ya bei ndogo, iwe moja kwa wote, na iwe imetoka kweli kule ulikokwenda. Dola moja au mbili kwa mtu zinatosha kabisa. Ukizidisha hapo, umeacha kuwapa wenzako zawadi, umeanza kuwaonyesha ulivyopanda.

Mwenzetu mmoja alirudi kutoka Dar es Salaam na mfuko wa ubuyu wa Zanzibar. Kwa asiyeujua, ni mbegu za mbuyu zenye unga wake mchachu, zimepikwa kwa sukari na rangi nyekundu, zimetiwa kwenye vipakiti vidogo. Ni vyepesi, havivunjiki, havihitaji friji, na bei yake mtu hawezi kuitaja bila kucheka. Alivipitisha meza kwa meza, akaanzia getini. Kufika saa nne biro nzima ilikuwa na ndimi nyekundu. Kwenye faili la malipo kuna alama ya dole gumba la mhasibu mpaka leo, wino wa ubuyu, na hakuna mkaguzi aliyeiuliza. Mkurugenzi mwenyewe alitoka chumbani kwake kuuliza kama kuna kipakiti kilichobaki.

Siku hizohizo mwingine alituletea kutoka Dubai minara ya Burj Khalifa ya plastiki yenye rangi ya dhahabu. Mnara wa kweli una mita 828. Wa kwetu ulilingana na kidole, na chini yake palikuwa na maandishi madogo ya kiwanda cha nchi nyingine kabisa. Aliulipia pengine mara tatu ya bei ya ubuyu. Yote iko kwenye droo.

Wajapani jambo hili wamelipangia mpaka mwisho. Kwao mtumishi anayerudi safari anatazamiwa kuleta kitu kwa wenzake, basi stesheni kubwa za treni zinauza maboksi ya keki ndogo za mji ule, kila keki imefungwa peke yake na idadi imeandikwa juu ya boksi. Msafiri anahesabu wenzake, anachagua boksi, anapanda treni. Hakuna wa marashi na wa pete ya funguo.

Sisi hatuna maboksi hayo, lakini vitu tunavyo. Wa Kasumbalesa ndio wanaonishangaza. Mpaka uko chini ya kilomita 100 kutoka hapa, mtu anavuka asubuhi kati ya malori, anarudi jioni na biskuti za Zambia zilezile zilizojaa soko la Mzee Kabila. Anadhani hatujui. Afadhali anayebeba unga. Mwaka 2024 Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa, sisi tunaokula bukari ya mahindi yao tulijua thamani ya kilo moja. Mwenye kuigawa biro angepigiwa vigelegele kuliko mwenye marashi ya Paris.

Kasenga, kule Luapula, kunatoka samaki wazuri, ila usiwafungue kwenye chumba chenye kiyoyozi, nakuomba. Wapeleke nyumbani kwa watu. Anayepita barabara ya Kolwezi atakuta asali, na msimu wa mvua atakuta uyoga. Mimi bingwa wangu ni vinkubala, wale viwavi wa kuliwa. Wakishakaushwa wanapimwa kwa kikombe, kila mmoja anapata chake, na wanakaa miezi. Hata ukienda kikao Kinshasa ubebe hao. Kule wanawaita mbinzo na watakupokea kama ndugu.

Na hapo tumefika upande wa pili wa jambo: sisi tukitoka Lubumbashi, tunawapelekea nini wenzetu wa Nairobi, Arusha au Brussels? Jibu la haraka ni malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari, linalochongwa mayai, tembo, mamba, mikufu na visahani vya majivu. Ni zawadi nzuri, lakini inunue kwa macho. Lishike jiwe, liweke shavuni. La kweli ni baridi na ni zito kuliko unavyotazamia. La plastiki linapata joto la mkono wako mara moja. Tazama mistari: ikiwa inajirudia sawasawa upande huu na upande ule, aliyeichora ni kiwanda. Pitisha kucha kwenye nyufa pia, maana wapo wanaoziba kwa unga wa jiwe na gundi kisha wanapaka nta mpaka ing'ae. Na bei ya kwanza unayotajiwa ni ya mgeni, kwa hiyo ongea Kiswahili.

Shida ya malakiti ni kwamba ni jiwe laini. Likikaa begini na funguo linachubuka, likianguka mkonga wa tembo unakatika, na likiguswa na ndimu ng'aro yake inakwisha, kwa sababu asidi inalila. Ukimpa mtu, mwambie. Mabamba ya shaba yaliyogongwa kwa nyundo, yale yenye mama anayetwanga, ndiyo yanayopenda ndimu na chumvi. Wageni wengi wanachanganya, wanasafisha jiwe kama shaba na wanatulaumu sisi.

Kwa watu wa biro, basi, mimi ninachagua msalaba mdogo wa shaba. Hauvunjiki, unaingia mfukoni, na una hadithi ya kusimulia wakati unaugawa. Wazee wetu walioitwa wala shaba waliyeyusha malakiti tanuruni, wakamimina shaba kwenye kalibu na kupata misalaba iliyotumika kama fedha na kulipia mahari. Imefukuliwa makaburini Sanga, kwenye bonde la Upemba. Mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga ya 1960 hadi 1963, na hapo nanyamaza, maana bendera hiyo bado inagombanisha watu mezani. Mwenzako wa Nairobi atauweka juu ya karatasi zake na ataulizwa ni nini. Pembe za ndovu usiziguse hata ukipewa bure. Biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 1990, na forodha za wenzetu hazina mchezo.

Amebaki shefu. Najua wasomaji wangu, kuna anayesema moyoni, "Mama Mwadi, wote sawa, lakini shefu ni shefu." Ukiwa mtumishi wa Serikali, kanuni ya mwenendo ya mwaka 2002 inamkataza shefu huyo kupokea zawadi inayoweza kumpindisha kazini, kwa hiyo marashi yako yanamtia yeye matatani kabla yako. Na kama ni kampuni, wenzako wanaona. Bahasha ya kampeni ya kupandishwa cheo inajulikana hata ikiwa na utepe. Mpe ubuyu kama wengine. Akikasirika, umejifunza kitu kuhusu kazi yako kwa dola moja.

Wewe unayepanda ndege Luano wiki hii, kabla ya kwenda chukua karatasi na uandike majina ya watu wote wa biro yako, la santineli liwe la kwanza. Ukishindwa kulikumbuka jina lake, muulize leo jioni ukitoka.