Kiarabu Kipi?

Binti yako amepata kazi Kuwait, naye ataka kujifunza Kiarabu kabla ya kuondoka. Vyema. Lakini usitoe ada kwanza. Mwulize mwalimu: Kiarabu kipi?

Maana kiko cha vitabu, kiitwacho fus-ha, ndicho cha magazeti na cha barua za serikali. Kiko tena cha jikoni na sokoni, nacho kila nchi ina chake. Huko Misri ukisema "eshi" umetaja mkate. Huko Kuwait neno lilo hilo ni wali! Basi fikiri: mama mwenye nyumba aagiza wali, na msichana aliyefundishwa na Mmisri aleta mkate, kisha agombezwe kuwa ni mkaidi. Mkaidi wapi? Alisoma Kiarabu cha nchi nyingine.

Mimi naona aendaye kufanya kazi ya nyumbani aanze na usemi wa huko aendako, kwa mwalimu aliyepata kuishi huko. Lakini zile herufi 28, ziandikwazo toka kulia, asiziache. Siku moja atawekewa karatasi mbele yake. Je, atie sahihi asichoweza kukisoma?

Wala usiogope. Kitabu, saa, sita, saba, tisa: hayo yote tuliyapata kwa Waarabu. Kazi iko katika sauti za kooni, nazo zataka mwalimu amsikie kila mwanafunzi peke yake. Darasa la watu 30, liache.