Bahari Haiulizi Wewe ni Futi Ngapi

Kuna hii stori nimeisikia Voi kila tukipanga kushuka Diani: eti ukiwa mrefu usipige mbizi na mtungi, masikio yatapasuka. Wafupi nao wanatembea kifua mbele kama waliochanjwa.

Wasee, hapana. Sikio halijui urefu wako, linajua kina lilipo, basi. Kila mita 10 za maji ya bahari zinaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu pale ufuoni. Masikio ya mtu wa futi 6 na ya mtu wa futi 5, yakiwa mita 8 chini, yanabanwa sawasawa. Tena wakisimama wote kwenye mchanga kule chini, ya mrefu ndiyo yako juu kidogo. Kama kuna mwenye afueni, hata iwe ndogo aje, ni yeye.

Shida iko puani. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna hewa, na njia yake ni mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua. Ukishuka, hewa hiyo inabanwa na ngoma inasukumwa ndani. Ukiziba pua upulize polepole, mrija unafunguka na maumivu yanaisha. Lakini ukiwa na homa mrija umevimba. Ukilazimisha kushuka hivyo, ngoma inaweza kupasuka.

Na sisi hii kitu tunaijua. Panda matatu ya Wundanyi. Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari, Wundanyi karibu 1,400. Ukipita Mwatate kona zinaanza, masikio yanaziba, unapiga miayo, pap! Kurudi ndio balaa, mtoto mgongoni analia mpaka chini. Usiniambie ni kwa sababu ni mfupi. Mrija wa mtoto bado ni mwembamba na umelala, haufunguki vizuri. Sasa hesabu: mabadiliko yote ya hewa kwenye mlima huo hayafiki hata yale ya mita 1 ya maji. Diani utashuka mita 10 kwa dakika chache.

Mrefu akiogopa bure, amekosa tu kuona samaki. Kinachonikera ni yule mfupi mwenye kamasi anayeambiwa yuko salama, na ashalipa, kwa hivyo ataingia tu.

Akiingia, ashuke miguu ikitangulia, ameshika kamba, apulize pua kabla ya kusikia maumivu, si baada. Sikio likikataa, apande kidogo ajaribu tena. Likikataa tena, arudi juu. Na asimeze dawa ya kuzibua pua ndio apate kushuka, maana inaweza kuisha nguvu akiwa chini na hewa ikwame sikioni wakati wa kupanda. Amwambie mwalimu mapema kwamba ana homa, kabla boti haijang'oa nanga, waongee habari ya siku nyingine.