Kofia Waliuza, Mlango Hawakulinda

Juzi nimetoka zamu ya usiku saa saba kasoro, usingizi hauji, nikawasha kompyuta nikacheza Team Fortress 2 hadi nikasikia adhana ya alfajiri. Ndiyo, mtu mzima na shahada yangu. Wanaotaka kucheka wacheke, wakimaliza wanisikilize, maana nina neno na kampuni ya Valve na nimelibeba moyoni tangu chuoni.

Kwa wasioijua, hii ni gemu ya kufyatuliana risasi. Timu mbili, na kila mchezaji anachagua mmoja wa wahusika tisa. Yuko daktari anayewafuata wenzake na mashine ya kutibu, yuko jasusi anayejigeuza sura ya adui, yuko fundi anayejenga mizinga midogo inayofyatua yenyewe. Ilitoka Oktoba 2007, na tangu Juni 2011 ni ya bure. Kule hosteli tuliipenda kwanza kwa huo ubure, halafu tukaipenda kwa mengine yote. Tulikuwa wanne tunapokezana kompyuta mpakato moja iliyong'oka kitufe cha herufi W, ambacho kwenye gemu hizi ndicho cha kwenda mbele. Ukitaka kusonga unabonyeza kipira kilichobaki. Tulisonga.

Ya bure, lakini si sadaka. Tangu Septemba 2010 ndani ya gemu kuna duka. Unacheza, unaokota kreti iliyofungwa, na ukitaka kuifungua unanunua ufunguo wa dola 2.49. Ndani unaweza kukuta kofia. Usicheke tena, kofia za gemu hii zina soko lake, na mtu akimuuzia mwenzake kwenye soko la Steam, Valve inakata asilimia 15: tano kama mwenye soko, kumi kama mwenye gemu. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Anayetaka kofia anunue. Hao wanunuzi ndio waliotulipia umeme na seva sisi tusio na kitu.

Ugomvi wangu unatokana na mambo mawili yaliyofuatana.

La kwanza ni la Julai 2019. Ilitokea hitilafu, kreti fulani za zamani zikawa zinampa kila anayezifungua kofia zile adimu zinazotoa moshi na cheche. Bei zikaporomoka. Watu waliokuwa wameweka akiba ya kofia (wapo, jamani) wakashika vichwa. Hitilafu ile haikumaliza hata siku mbili, ikazibwa. Muda mfupi baadaye ikaamuliwa ni kofia zipi ziuzike na zipi zifungiwe. Kazi nzuri, nasema kwa dhati.

La pili lilianza kupamba moto mwaka 2020. Mechi zikavamiwa na roboti, yaani programu zinazojiendesha zenyewe zikijifanya wachezaji. Nyingi zilichagua mhusika mdunguaji. Unatokeza pua mlangoni, umekufa. Unatokeza tena, umekufa. Hazikosei, kwa sababu hakuna mtu anayelenga. Ukitaka kuipigia kura roboti ifukuzwe, inakuwa imejiita jina lako. Zikiwa nyingi kwenye timu, zinakupigia kura wewe, unatoka wewe. Kwenye gumzo zilimwaga matusi ya kibaguzi.

Hapo duka lilikuwa wazi. Funguo zilikuwa zinauzwa.

Kinga ya kwanza iliyokuja, Juni 2020, ilikuwa kuzinyima akaunti fulani mpya uwezo wa kuandika na kuongea ndani ya mechi rasmi. Fikiria hiyo kidogo. Gemu nzima imejengwa juu ya kuambiana: jasusi nyuma yako, daktari njoo huku. Kijana aliyejiunga jana, hana kadi ya benki wala senti ya kununua chochote, ndiye aliyefungwa mdomo kwa kosa la roboti. Roboti yenyewe haihitaji mdomo ili ikupige risasi ya kichwa.

Najua utetezi uliopo, na sehemu yake ni ya kweli. Gemu ni kongwe. Masasisho makubwa ya mwisho yaliyotengenezwa na Valve yenyewe yalitoka Oktoba 2017, na hakuna sheria ya kuwalazimisha watu watengeneze ramani mpya milele. Mimi siombi ramani mpya, mashabiki wenyewe wamezichora nyingi na nyingine zimeingizwa rasmi. Ninachodai ni kidogo zaidi: ukiendelea kukusanya kiingilio, weka mtu mlangoni.

Pia kuna habari ya jinsi kampuni ile inavyofanya kazi. Kitabu chao cha wafanyakazi wapya, kilichovuja mwaka 2012, kinaeleza kwamba mtu anachagua mwenyewe mradi wa kufanyia kazi, na meza zina magurudumu ili uisukume ulipo moyo wako. Raha sana. Ila nijuavyo mimi maisha ya ofisini, hakuna anayesukuma meza yake kwenda kufukuza roboti kwenye gemu ya miaka kumi na tatu, wakati jirani wanabuni kitu kipya. Kazi ya ulinzi ikiachwa kwa hiari, haina mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mlango ule waliujenga wao. Julai 2016 Valve ilileta mfumo mpya wa kupanga mechi kwenye seva zake, na huo ndio anaokutana nao mgeni akibonyeza kitufe cha kucheza. Seva zinazoendeshwa na mashabiki zilibaki, lakini inabidi ujue zilipo uzitafute kwenye orodha. Roboti zilipokuja zilijaa kwenye hizo mechi rasmi. Kwenye seva za mashabiki, roboti ikiingia, msimamizi anayejitolea anaifukuza, kisha anarudi kwenye chai yake.

Mei 2022 wachezaji waliandamana mtandaoni kwa amani. Kampuni ikajibu kwamba imesikia na inashughulikia. Zikaja hatua chache, roboti zikarudi. Juni 2024 wakaandamana tena, safari hii na ombi lililopita saini 300,000, na gemu ikashushiwa maoni mabaya Steam. Mwisho wa mwezi huo akaunti za roboti zikaanza kufungiwa kwa wingi, na mechi zikatulia.

Kumbe iliwezekana! Ningeambiwa haiwezekani kitaalamu ningenyamaza, mimi mwandishi wa habari za mahakama najua nini kuhusu programu. Lakini cheche za kofia zilizimwa ndani ya siku mbili, na mechi zenyewe zilisubiri miaka minne.

Agosti 2024 Sony walitoa gemu ya risasi iitwayo Concord, ikakosa wachezaji, baada ya wiki mbili wakaizima na kuwarudishia watu pesa. Dunia ikawacheka. Mimi sikucheka sana. Angalau walipofunga milango walifunga na duka.

Valve nao, niwape haki yao, Februari 2025 waliwakabidhi mashabiki msimbo wa gemu wautumie kutengeneza gemu zao wenyewe zisizo za biashara. Hilo ni jambo kubwa, na lingekuja mwaka 2020 labda nisingekuwa naandika haya.

Hiyo juzi usiku nilicheza daktari. Mdunguaji wa timu pinzani alinikosa mara tano mfululizo, ya sita akapiga ukuta. Nilifurahi kama nimepandishwa cheo. Kisha mtu wa timu yangu akaniita nimtibu, nikachelewa, akafa, akanitukana kwa lugha nisiyoijua.