Kazi za Mikono: Motokaa Ndogo

Yuko mzazi amwonaye mwanawe akiunda motokaa ndogo, akasema, "Huo ni upuuzi tu." Twamsihi asihukumu upesi.

Huko Marekani, tangu mwaka 1930 hata 1968, palikuwa na mashindano ya vijana yaitwayo Fisher Body Craftsman's Guild, chini ya kampuni ya General Motors. Hapo kwanza waliunda mfano wa gari la farasi la enzi ya Napoleon. Baadaye walibuni motokaa zao wenyewe, kila kipimo kikigawanywa kwa 12. Washindi wakuu walipewa ada ya masomo ya chuo kikuu, na baadhi yao wakawa wabunifu wa motokaa za kweli.

Basi kazi hii yafundisha nini? Yafundisha hesabu: motokaa ya sentimita 480, ikipunguzwa mara 24, huwa sentimita 20, wala si 21. Tena yafundisha saburi. Vipande vya plastiki vya siku hizi huoshwa kwa sabuni, maana mafuta ya kalibu huizuia rangi isishike. Kisha hupigwa msasa, hupakwa rangi ya chini, ndipo rangi yenyewe, nyembamba nyembamba, kila mkono ukauke kwanza. Mwenye haraka apakaye nzito huona michirizi. Na rangi ing'aayo haifichi mkwaruzo, bali huudhihirisha.

Enyi wazazi na walimu, mtoto akiwaonyesha kazi yake, msimwulize itafaa nini. Mwulizeni aliiundaje, nanyi msikilizeni hata mwisho.