"Quite" ya wifi na gauni la nikaha

Leo nalia na neno moja la Kiingereza lililonikesha kwenye cherehani siku mbili kabla ya nikaha ya watu.

Nashona magauni ya harusi hapa Bukoba. Bi harusi alikuwa wa Muleba, lakini maelekezo aliyatuma wifi yake aliyekulia Uingereza: gauni liwe "quite loose", mikono iwe "quite long". Kiingereza changu ni cha sekondari. Tulifundishwa "quite right" ni sawa kabisa, basi nikaelewa pana kabisa, ndefu kabisa. Nikakata. Siku ya kujaribu binti alipotelea ndani ya kitambaa, vidole havionekani. Mama yake akaniuliza, "Fundi, hili gauni au hema?" Binti akaanza kulia.

Nikampigia wifi. Kumbe kwa Waingereza neno hilo lina uzito wa aina mbili. Likitangulia jambo lisilo na nusu, kama kujaa, kuwa tupu, kuwa tofauti, maana yake ni kabisa. Likitangulia jambo la kuzidi na kupungua, kama urefu, upana au uzuri, mara nyingi ni kiasi tu. Mmarekani akisema gauni lako ni "quite good" amekusifu. Mwingereza akisema hivyohivyo, usishangilie haraka. "Not quite" ni bado kidogo. Halafu "quite a few", ambayo ungedhani ni wachache, ni wengi!

Kuna wanaosema dawa ni wateja waache Kiingereza. Sikubali. Kiswahili chetu kina kiasi, sana, kabisa na mno, na bado tunapotezana. Kwa Kihaya "muno" ni sana, haina ubaya. Sasa mteja wa huku akiniambia "linabana mno", amependa au analalamika? Na "kidogo" ndiyo balaa. Binti anasema "libane kidogo", mama naye anasema "libane kidogo", na kila mmoja ana gauni lake kichwani. Wa katikati ni mimi na mkasi, na hapo suala ni stara ya mtu mbele ya ukumbi mzima.

Kosa lile lilikuwa langu, kwa sababu sikuuliza. Siku hizi maneno hayo siyaandiki kwenye daftari. Nauliza: nafasi ya inchi ngapi kifuani? Nyonga je? Mkono uishie kwenye kifundo au upite? Wengine wanachoka na maswali, wananiona mshamba. Wachoke tu.

Nilifumua usiku kucha, alhamdulillah likamkaa, na pesa ya marekebisho sikudai. Baada ya harusi wifi aliona picha akaniandikia: "Quite lovely."

Nikampigia tena kumuuliza.